Akiitoa bustani, aitoe na masharti?

Kwenye baraza la kahawa hapa Ujiji kuna ubishi ambao haujaisha wiki ya pili sasa. Mzee mmoja ana kiwanja chenye miembe, na anataka akifa kiwe bustani ya watu wote. Wanawe wameridhia. Watu wanabishania masharti: aikabidhi manispaa hivi hivi, au aandike nani aingie na nini kifanyike humo?

Wanaotaka masharti wana hoja nzito. Kiwanja kitupu katikati ya mji kina wanaokimezea mate, na matumizi ya ardhi hubadilishwa kwa utaratibu unaokubalika kisheria. Isitoshe, kwa Sheria ya Ardhi Namba 4 ya 1999, ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini. Mzee ana haki ya kuitumia tu, na hati haizidi miaka 99. Asipoandika lolote, nia yake itabaki kwenye vichwa vya wajukuu. Wazee wetu walilijua hili zamani: katika hadithi ya Sayyidna Umar, sahaba wa Mtume, na shamba lake la Khaybar, asili ya mali hufungwa, haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi, na watu hunufaika na matunda yake.

Lakini sharti nalo linaweza kuiua bustani. Mji wa Macon, jimbo la Georgia nchini Marekani, ulipata bustani kwa wosia wa seneta Augustus Bacon, ulioandikwa mwaka 1911. Aliitoa kwa wanawake na watoto, ila wawe weupe. Mji uliisimamia kwa miaka mingi. Ubaguzi ulipoanza kulegea, kesi ikafunguliwa, na mwaka 1966 Mahakama Kuu ya nchi ile ikasema bustani ya umma haiwezi kuwafungia watu weusi mlango. Mahakama za Georgia zikaamua kwamba basi wosia hautekelezeki, kwa hiyo ardhi irudi kwa warithi. Mwaka 1970 Mahakama Kuu ikauacha uamuzi huo usimame. Weusi na weupe, wote wakakosa bustani. Nikiisoma kesi hii huwa naumia, kwa sababu neno moja la marehemu lilikuwa na nguvu kuliko watoto waliokuwa wakicheza pale.

Kwa hiyo mimi nasema masharti yawepo, ila yafunge matumizi ya ardhi, yasichague watu. Aandike: pasijengwe, pasiuzwe, miti ikifa ipandwe mingine. Asiandike dini, kabila wala mtaa. Na pasibaki mikononi mwa manispaa peke yake. Wawepo wasimamizi kutoka mtaani ambao wanaweza kwenda mahakamani wenyewe.

Hilo la miti si dogo. Pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, waliokutana hapa mwaka 1871, mwembe wa awali ulishakufa siku nyingi. Wageni huoneshwa miembe inayosimuliwa kuwa ni uzao wake, na imefika leo kwa kuwa yupo anayeitunza.

Barazani bado hajapatikana wa kusema nani atamwagilia miche ya mzee mwezi wa Agosti, kisima kikiwa kimeshuka. Mzee mwenyewe amesema ataacha na vyumba viwili vya kupangisha, kodi yake imlipe mtunzaji. Hilo nalo liandikwe.