Mgeni wa miaka mitatu

Koki ya bafu la pili kwenye korido yetu ilianza kuvuja mwezi wa kumi na moja, wiki ileile lilipoingia bumu, yaani fedha zetu za mkopo wa chuo. Nakumbuka kwa sababu usiku ule korido nzima ilinukia chipsi kuku. Haikuwa inamwaga, ilikuwa inadondosha tu, na tukaizoea. Tuliogea chini yake, tukafulia chini yake, tukapita zetu.

Januari, usiku mmoja nikisomea testi, mdundo wa lile tone ukanikera. Saa tatu usiku nikaweka ndoo ya lita 20 chini ya koki, nikarudi kwenye madesa. Saa kumi na moja alfajiri niliikuta imejaa hadi ukingoni. Kwa muda wa saa nane, lita 20. Kwa siku ni lita 60, kwa mwezi lita 1,800, na hapo ni koki moja ya hosteli moja ambayo sitaitaja, kwa kuwa bado nalala humo.

Natokea Tukuyu. Kwetu mvua hunyesha mpaka unaichoka, lakini mama yangu akisikia tone usiku anaamka, anafunga bomba, asubuhi anauliza nani alikuwa wa mwisho. Sasa nimekuja Dodoma, mahali ambapo maji ni habari ya kila kikao, nikapita mbele ya koki inayovuja miezi miwili nzima bila kusema neno. Mimi na wenzangu zaidi ya arobaini, wakiwemo wanaosomea mazingira.

Sidhani kama hatujui. Semina tumekaa, maswali ya mitihani kuhusu mabadiliko ya tabianchi tumejibu na kufaulu. Ila sisi hapa ni wageni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwanafunzi wa chuo Dodoma ni mgeni wa miaka mitatu, wengine minne, na hakuna aliyewahi kumkabidhi jembe. Anaishi kama mtu wa gesti: koki ikiharibika ni ya mwenye nyumba, shimo la taka likijaa ni la mwenye nyumba, kisima kikikauka yeye atakuwa ameshahitimu.

Na kisima chenyewe si cha kuchezea. Sehemu kubwa ya maji ya mji huu huvutwa kutoka visima virefu vya Makutupora, kule Mzakwe, kaskazini mwa mji. Mvua ya hapa ni kiasi cha milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote huja kati ya Desemba na Aprili. Watafiti walipochambua kumbukumbu za kina cha maji ya Makutupora, za zaidi ya miaka 50, waliona kwamba hazina hiyo ya chini ya ardhi haijazwi kila msimu. Hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa, kama ule wa El Niño wa 1997/98. Miaka mingi ya katikati tunachota tu. Kwa hiyo maji ninayopigia mswaki leo huenda yaliingia ardhini kabla sijazaliwa. Chini ya jagi langu la umeme yameacha utando mweupe mgumu. Nikiubandua kwa kijiko unatoka vipande vipande kama ganda la yai.

Wanaochota nao wameongezeka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu wapatao 411,000 katika Dodoma Mjini. Ya 2022 ikakuta zaidi ya 765,000. Serikali imehamia, vyuo vimepanuka, nasi tumo humo ndani ya hesabu.

Sasa niseme la miti, ambalo najua nitagombana nalo na wengi. Kila mwaka mvua zikishika, fulana za kijani huchapishwa. Mwaka wa kwanza nilivaa moja. Mgeni rasmi alichelewa, shimo nilikuta limeshachimbwa, nikashika mche, nikapigwa picha, nikanywa maji ya chupa, nikapanda basi kurudi. Ilikuwa mwezi wa tatu. Mwezi wa nne mvua ikakata. Kuanzia Mei mche ule ulihitaji mtu wa kuupelekea maji, na mtu mwenyewe ndiye mimi niliyekuwa kwenye mitihani, kisha Julai nikafunga begi kwenda Tukuyu. Agosti na Septemba upepo wa Dodoma unapopeperusha vumbi na ardhi inapokuwa ngumu kama sufuria, mji hauna wanafunzi. Niliporudi Novemba nilikwenda kuuangalia mti wangu. Nilikuta kijiti, na mavi ya mbuzi pembeni.

Sikuuhurumia sana, nilijihurumia mimi na ile picha. Kalenda ya chuo na kalenda ya mche haziendani, na hakuna kamati ya mazingira niliyoisikia ikilisema hilo kwa sauti. Wakati huohuo mkoa huuhuu una njia isiyohitaji kumwagilia. Inaitwa Kisiki Hai, na shirika la LEAD Foundation limeieneza kwa wakulima wa huku kwa miaka kadhaa sasa. Unatafuta kisiki cha mti wa asili kinachochipua chenyewe shambani, unachagua machipukizi machache yaliyo imara, mengine unayakata, unafunga kitambaa ili watu wajue mti huo una mwenyewe, basi. Mizizi iko chini siku nyingi, haikungojei utoke likizo. Ukiniambia nichague kati ya kuchimba mashimo mia moja ya picha na kupogolea visiki ishirini pembezoni mwa maeneo ya vyuo, naomba panga.

Nilipokuwa fildi Kondoa nilionyeshwa makorongo ya milima ya Irangi. Mradi wa hifadhi ya ardhi, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye milima ile ili udongo upumzike. Watu waliondolewa ng'ombe wao! Nikafikiria jinsi sisi tunavyolalamika tukiambiwa tuloweke maharage.

Ndiyo, maharage. Anayeishi geto anajua mzunguko wenyewe. Bumu likiingia, mtungi mdogo wa gesi unajazwa na watu wanapika hadi mayai ya kuchemsha kwa madaha. Likikata, jiko la mkaa linatolewa uvunguni, na mkaa unanunuliwa kwa kopo. Yaani miti ya wilaya jirani za Chamwino na Bahi inakatwa kwa ratiba ya mkopo wetu. Tanuri la udongo la kienyeji hula kilo tano hadi kumi za kuni ili litoe kilo moja ya mkaa, na maharage makavu yasiyolowekwa yanaweza kukaa jikoni saa tatu au nne. Ukiyaloweka kabla ya kwenda kipindi cha asubuhi, unapunguza muda huo sana. Lakini nani ameloweka? Maharage tunayakumbuka njaa ikishauma. Nami nimo, wiki jana tu nilipika makavu, nikachochea mpaka makopo mawili yakaisha, na bado yaligoma kuiva.

Mei 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Nauunga mkono. Ila nionavyo mimi, vyumba vitatu vikichanga kujaza mtungi mmoja siku ya bumu, na mwingine kuuwekea akiba siku hiyohiyo, mkaa utabaki wa dharura kweli. Chumba chetu tulijaribu muhula uliopita tukafika wiki ya kumi na moja. Wiki ya kumi na mbili tuligombana kuhusu nani alichemshia maji ya kuoga.

Takataka sasa. Watu wengi wakisema mazingira chuoni wanasema chupa za maji. Mimi chupa hazininyimi usingizi. Alfajiri, kabla sijaamka, waokota makopo wameshapita na magunia yao, kwa sababu chupa inauzika kwa kilo. Kisichouzika ndicho kinachobaki: boksi jeupe la povu la chipsi, na kile kifuko chepesi chenye sosi iliyofungwa fundo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, tukafurahi, kisha vifuko laini vikarudi kwa jina la vifungashio. Nyuma ya hosteli kuna shimo. Jumapili jioni mtu anawasha kiberiti, moshi mweusi unapanda taratibu, unaingia madirishani na kwenye nguo tulizoanika. Jumatatu darasani unakaa karibu na mtu ananukia plastiki iliyoungua, halafu unajinusa, kumbe ni wewe.

Nilianza kwenda kwa muuza chipsi na bakuli langu lenye mfuniko. Siku ya kwanza alilitazama akauliza, "Dada, umetumwa na mama?" Foleni nzima ikacheka. Nikamwambia ndiyo, mama kaniambia uongeze kachumbari. Akaongeza, na mpaka leo anaongeza, kwa hiyo kwa upande wangu hesabu ya faida iko wazi.

Kuhusu karatasi za madesa sina mengi. Soma kwenye simu ukiweza, ukichapisha chapisha pande mbili, tuendelee.

Maana kuna mzigo ambao si wetu, na siwezi kumaliza bila kuutua kwa wenyewe. Paa la jengo letu ni kama mita 30 kwa 10. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kwa milimita 550, paa hilo linapokea lita 165,000 kwa mwaka. Hata theluthi ikipotea, zinabaki 110,000. Jengo halina gata hata moja la kukinga maji hayo. Mvua ikinyesha maji yanaporomoka kutoka bati hadi chini, yamechimba mfereji mbele ya mlango kiasi kwamba tumeweka ubao wa kuvukia. Mkauko ukifika tunachangishwa fedha za boza la maji. Mwenye nyumba nilimwendea na hesabu hii kwenye karatasi. Akaisoma vizuri tu, akasema, "Mwanangu, wewe si unamaliza mwaka huu?"

Jibu hilo lilinikaa kooni, kwa sababu ni lilelile nililokuwa najipa mimi kuhusu koki.

Asubuhi ya ile ndoo nilikwenda duka la vifaa vya ujenzi nikanunua washa ya koki, kile kipira cha ndani kinachozuia maji. Ilikuwa shilingi 500, bei ya chapati. Spana nikaazima kwa mlinzi wetu, mzee wa Kigogo ambaye kila siku namsalimia shikamoo, yeye akiitikia ananiongezea "mbukwenyi" ili nisisahau niko kwa nani. Akanifuata hadi bafuni, akaenda kufunga maji kwenye simtanki, akasimama mlangoni akiniangalia ninavyohangaika kuifungua koki kwa mkono wa kushoto. Dakika kumi hivi, na kuloa.

"Babu," nikamwambia, "hii imevuja tangu Novemba na wewe upo. Mbona hukutuambia?"

Akapokea spana yake, akaifuta kwenye koti.

"Mjukuu wangu, ninyi ndio wasomi. Nilidhani kuna mnachopima."

Maji ya ile ndoo nilimpa, akamwagilia mwarobaini wake wa getini, ambao alikuwa ameuzungushia miiba.

Wiki hii imeanza koki ya bafu la nne. Washa nyingine ninayo mfukoni, nangoja kwanza nione nani ataweka ndoo.