Antena imepanda, nani atapanda tena?

Jumamosi iliyopita kazi yangu ilikuwa kushika ngazi. Ndiyo kazi wanayonipa siku hizi, maana magoti yangu hayataki tena mabati ya watu. Juu, vijana wawili walikuwa wanafunga antena ya intaneti kwenye mlingoti wa mianzi. Chini, kivulini mwa mwembe, mama mwenye nyumba alikuwa na swali moja tu: "Hii kitu itakula umeme wangu?"

Nilimwambia inakula kidogo kuliko balbu ya kizamani. Hakuridhika, na sikumlaumu.

Tunajenga meshi, yaani mtandao wa ruta zinazopokezana intaneti, hapa Arua, mtaa kwa mtaa. Ruta ya kinyozi inapokea mawimbi na kuyapitisha kwa duka la jirani, duka linayapitisha msikitini, na hivyo hivyo mpaka mwisho wa mtaa, huku laini inayolipiwa ikiwa moja tu. Tangu Julai 2021 bando la intaneti lina ushuru wa asilimia 12 hapa Uganda, kwa hiyo kugawana laini si mchezo wa wapenda kompyuta.

Mambo ya redio tunayaweza. Tumejifunza kwamba ruta yenye redio moja hupoteza karibu nusu ya kasi kila inapopitisha kwa mwenzake. Tumejifunza pia kwamba mwembe ni adui: majani yamejaa maji, na maji humeza mawimbi. Kijana mmoja alitaka tuukate. Mama yule alimtazama kana kwamba ametukana mzazi wake. Tukahamisha mlingoti.

Ninachogombana nacho ni neno "bure". Vijana wanalipenda mno. Mimi kila nikilisikia nakumbuka pampu ya maji ya mtaani kwetu. Ilipozinduliwa tulikunywa soda, tukachagua kamati ya maji, tukapiga makofi. Pampu ilikuwa yetu sote. Ikaharibika kifaa kidogo cha ndani, na hapo ndipo tulipogundua kwamba hakuna aliyekuwa akichanga tangu mwezi wa pili. Mpini bado upo, watoto wanauning'inia.

Watu watanitajia guifi.net, mtandao wa kijamii wa Katalonia huko Hispania, ulioanza mwaka 2004 na kupita vituo elfu thelathini. Sawa, lakini wasome na upande wa pesa. Pale kuna mafundi wanaolipwa, na kampuni zinazopitisha biashara zao kwenye mtandao huo zinachangia gharama kulingana na matumizi. Kujitolea kulianzisha; hakukuachwa peke yake kubeba mzigo.

Na tuache kudanganyana kwamba meshi haizimiki. Januari 2021, nchi nzima ilipokatiwa intaneti wakati wa uchaguzi, meshi isingetufungulia dunia. Ingetuachia ya kwetu tu: ujumbe kati ya nyumba na nyumba, na masomo yaliyohifadhiwa kwenye kompyuta ya hapa hapa. Kwangu hilo si dogo. Mwalimu jirani yangu siku zile alizunguka na flashi mfukoni, akigawa kazi za wanafunzi mlango kwa mlango.

Basi nimependekeza kila nyumba itoe shilingi elfu mbili kwa mwezi, daftari libandikwe ukutani kwa kinyozi, na anayepanda bati alipwe kila anapopanda. Neno la siri la ruta wawe nalo watu watatu, mmoja wao mwanamke mwenye duka, kwa sababu yeye hahami kwenda Kampala kutafuta kazi. Leseni tumwulize mwanasheria mapema. Kuuza intaneti bila ruhusa ya Tume ya Mawasiliano ni kesi, na mchango unaweza kuonekana mauzo.

"Mzee, sasa umekuwa kampuni," kijana mmoja aliniambia, wenzake wakacheka.

Jumatatu mvua ilipiga usiku kucha. Ruta ya kwa kinyozi imezimika, leo Alhamisi, na bado tunatumiana ujumbe, kwa bando la kununua, kuulizana nani ana nafasi ya kupanda.