ALT ya kawaida si cheti cha ini zima

Kuna sentensi inayonikera kila ninapoisikia ufukweni mwa Ziwa Victoria, iwe Dunga, Usoma au Mbita: "Damu imepimwa, ini liko sawa." Ukiuliza kilichopimwa, ni ALT na AST, vimeng'enya vinavyovuja seli za ini zikiumia, na bilirubini, rangi ya njano ya nyongo. Kwa mtu aliyeishi na kichocho cha tumbo miaka mingi, majibu hayo yanaweza kuwa mazuri kabisa ilhali makovu yameshaenea.

Mayai ya minyoo hukwama kwenye matawi ya mshipa unaopeleka damu kwenye ini, na makovu huota kuyazunguka. Seli za ini zenyewe hubaki salama kwa muda mrefu, kwa hiyo ALT haipandi. Kinachoziba ni njia ya damu. Shinikizo hupanda, wengu hufura, mishipa ya umio hututumka, na mvuvi anaweza kutapika damu huku ALT yake ni 25.

Ndiyo maana naomba macho yaende kwanza kwenye chembe sahani, zile chembe ndogo zinazogandisha damu, maana wengu uliofura huzinasa. Kipimo cha APRI, hesabu ya kukadiria makovu ya ini, hakihitaji mashine mpya: gawanya AST kwa kikomo cha juu cha maabara yako, gawanya tena kwa chembe sahani (kwa maelfu katika kila mikrolita), zidisha kwa 100. Namba ikiwa kubwa, makovu yanashukiwa zaidi. AST 38, kikomo 40, chembe sahani 80: unapata karibu 1.2. Chembe sahani zikiwa 240, unapata 0.4. AST ni ileile, chembe sahani ndizo zimeamua kila kitu.

Na hapo ndipo tunapokosea huku ziwani. Malaria nayo hushusha chembe sahani, tena kwa siku chache tu, na hufurisha wengu vilevile. Pima malaria kwanza. Ikiwapo, tibu, kisha rudia hesabu baada ya wiki tatu hivi. Virusi vya UKIMWI pia huzishusha. Halafu kuna chupa ya kifuniko cha zambarau isiyogeuzwageuzwa vizuri: chembe hushikamana, mashine inasoma 60. Tazama slaidi kwa hadubini kabla ya kuitoa karatasi ya majibu. Sampuli ambayo seli nyekundu zimepasuka nayo hupandisha AST kwa uongo.

FIB-4, hesabu nyingine ya aina hiyo, huzidisha umri, kwa hiyo kijana wa miaka 22 huonekana salama kuliko alivyo. Asidi ya hayaluroniki, kipimo kingine cha damu, hufuatana na makovu vizuri zaidi, hilo nakubali, ila haimsaidii mgonjwa ambaye maabara yake haiipimi.

Kinyesi kisicho na mayai nacho kisimtulize mtu, kwa kuwa makovu yakikomaa mayai huadimika. Prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, huua minyoo. Makovu ya zamani mara nyingi hubaki.

Kwa hiyo chembe sahani zikiwa chini ya 150 mara mbili bila malaria, na wengu unapapasika, mpeleke ultrasaundi hata kama ALT ni nzuri. Na kabla majibu hayajarudi, tafadhali, asipewe aspirini wala diklofenaki kwa maumivu ya mgongo wa kuvuta nyavu. Tumbo likianza kuvuja damu usiku Mbita, hospitali yenye kamera ya kuingia umioni iko mbali.