Karakana ya daktari na mhandisi: Dar tuanze na bisibisi

Huko Marekani wameamua kumfundisha mtu mmoja udaktari na uhandisi kwa pamoja. Chuo cha tiba cha Carle Illinois kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2018, na mtaala wake umejengwa juu ya uhandisi. Mwaka uliofuata Texas A&M ikaanza na EnMed mjini Houston: miaka minne, shahada mbili, na kila mwanafunzi anatakiwa abuni kitu cha kutatua tatizo la tiba kabla hajahitimu. Mafunzo ya namna hiyo yanataka karakana yenye printa za 3D, vipimo vya umeme na mafundi wa kumwelekeza mwanafunzi. Kwa hiyo hapa Dar es Salaam swali linakuja lenyewe: na sisi tujenge yetu?

Vipande vingi tunavyo tayari. MUHAS, chuo kikuu cha afya pale Muhimbili, inafundisha udaktari na uhandisi wa vifaa tiba. DIT, taasisi ya teknolojia ya Dar es Salaam, ina kozi za vifaa tiba, na karakana ya usanifu iliyoanzishwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Rice cha Texas. Kutoka Upanga, iliko MUHAS, hadi DIT unafika kwa miguu, bajaji ni anasa tu. Ugumu uko kwenye ratiba. Mwanafunzi wa udaktari asubuhi yuko kwenye raundi za wodini, usiku anabukua, na sapu (mtihani wa marudio) haina huruma. Fungua karakana saa nane mchana uone: utamkuta mwanafunzi wa uhandisi peke yake, anabuni kifaa cha mgonjwa ambaye hajawahi kumwona.

Wanaoitetea karakana ya pamoja wana mfano mzito hapo jirani, Malawi. Wanafunzi wa Rice walitengeneza mashine ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua kwa kutumia pampu za hewa za tangi la samaki, ikajaribiwa na kuboreshwa na madaktari wa Hospitali ya Queen Elizabeth, Blantyre. Ndiyo leo inaitwa Pumani. Shinikizo lake hupimwa kwa njia rahisi ajabu: ncha ya mrija wa kutolea hewa inazamishwa kwenye chupa ya maji, na kina cha sentimita sita kinatoa shinikizo la sentimita sita za maji. Mhandisi anaweza kulifikiria hilo akiwa mezani kwake. Shinikizo gani linafaa mapafu ya kichanga, na nani aondolewe kwenye mashine lini, anajua aliyekesha wodini.

Wanaopinga nao wana pa kusimamia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliokusanya takwimu za vifaa tiba zaidi ya 112,000 katika nchi 16 zenye rasilimali chache, ulikuta karibu asilimia 38 havifanyi kazi. Kwa hali hiyo, wanauliza, kwa nini tununue mashine za kubunia wakati zilizopo zimelala stoo? Halafu printa yenyewe ina mipaka yake. Plastiki ya PLA, inayotumika sana kwenye printa hizo, huanza kulainika kwenye nyuzi joto 60 hivi, wakati otoklevu inatakasa vyombo kwa mvuke wa nyuzi 121. Koleo ulilochapa kwa PLA litatoka humo limejikunja.

Mimi nawaunga mkono wanaotaka karakana, ila kazi yake ya kwanza iwe kukarabati. Chukua mashine ya kuzalisha oksijeni iliyogoma, ifungue mezani. Kuna kompresa, feni, vichujio, na mitungi miwili ya zeolaiti inayonasa naitrojeni ili oksijeni ipite. Zeolaiti haipatani na unyevu, na unyevu wa Dar mwezi Machi sote tunaujua. Mhandisi atasema kwa nini kiwango cha oksijeni kimeshuka, mwenzake wa udaktari atasema kikishuka hivyo ni mgonjwa yupi anaumia kwanza. (Mara nyingine wote wawili watakuta chujio la vumbi tu limeziba, basi.) Au mashine ya msaada ya volti 120 iliyochomekwa kwenye umeme wetu wa 230. Mtu akishafungua mashine kadhaa za aina hiyo, anajua abuni nini.

Shahada mbili kwa mpigo siioni kwetu kwa sasa. Wamarekani wanaingia udaktari wakiwa na shahada ya kwanza tayari. Sisi tunatoka kidato cha sita, na michepuo ya PCB (fizikia, kemia, biolojia) na PCM (fizikia, kemia, hisabati) imeshatutenganisha tangu kidato cha tano. Udaktari ni miaka mitano na mwaka wa intern juu yake; ukiongeza uhandisi, bumu (mkopo wa mwanafunzi) litakata njiani.

Lililobaki gumu ni dhamana. Mashine iliyokarabatiwa na wanafunzi isirudi wodini mpaka mhandisi wa hospitali aipime na kusaini, na kifaa kipya lazima kipite TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Kwa hiyo karakana inahitaji fundi sanifu mwenye ajira ya kudumu, na mshahara wake ndio wafadhili huwa hawapendi kuulipia, maana hauwekewi kibao cha uzinduzi. Fedha zikitosha kimoja tu, printa isubiri.

Ratiba nayo isiachwe kwa hisani ya wanafunzi. Zitengwe saa tatu kwa wiki, siku ileile kwa vyuo vyote viwili, na kazi ihesabiwe kwenye alama za mwisho. Hilo wakuu wawili wa taaluma wanaweza kulimaliza kwa kikao kimoja kabla mwaka mpya wa masomo haujaanza.