Mtoto Hapati Usingizi, Lakini Je, Kosa ni la Mgongo?

Video zimefika hadi Langoni na Mkomani, mitaa ya hapa Lamu: tabibu wa ng'ambo anambinya mtoto mchanga shingoni, mtoto ananyamaza, mama anafuta machozi. Fani hiyo huitwa kairopraktiki. Aliyeianzisha ni D. D. Palmer, huko Iowa, Marekani, mwaka 1895, akishikilia kwamba maradhi mengi yanatokana na pingili za uti wa mgongo zilizokaa vibaya. Sasa wapo wazazi wa Lamu wanaojiuliza kama inafaa kuvuka bahari hadi Mokowe, bara, na kushika njia ya Mombasa kumtafuta mtu wa kazi hiyo kwa ajili ya mtoto anayelia tangu magharibi hadi usiku wa manane.

Wanaoitetea wana hoja. Kwa mtoto mchanga wengi wao hutumia ncha ya kidole tu, si ile mivunjo ya kualika tunayoiona kwa watu wazima. Tena wanamsikiliza mama kwa utulivu, huku wengine wetu tukitoka kliniki na maneno mawili: "ni gesi". Na mwaka 1999, utafiti wa Denmark ulionyesha watoto waliotibiwa hivyo wakilia kidogo kuliko waliopewa dawa ya gesi.

Ila waliohesabu saa za kilio ni wazazi, nao walijua mtoto wao kapewa nini. Norway walilifunga tundu hilo mwaka 2001: watoto 86, wazazi hawakuambiwa nani katibiwa. Nafuu ilionekana kwa karibu asilimia 70 ya waliotibiwa, na kwa asilimia 60 ya walioshikwa tu na nesi kwa dakika kumi. Kitakwimu, tofauti hiyo haina uzito. Denmark wakarudia mwaka 2021 kwa watoto 185, wazazi wakiwa gizani vilevile: kilio kilipungua saa moja na nusu kwa siku kwa waliotibiwa, saa moja kwa wasiotibiwa. Hapo pia pengo halikutosha kuondoa shaka ya bahati.

Ninachokiona mimi ni hao wasiotibiwa, ambao nao walipata nafuu. Kilio cha aina hii hupanda hadi wiki ya 6 hivi, kisha hushuka chenyewe kufikia mwezi wa 3 au wa 4. Atakayemshika mtoto wiki ya 7, awe tabibu au bibi yake, ndiye atakayepewa sifa.

Na kushikwa huko hapa kwetu tunako. Mkandaji hupasha mafuta ya simsim viganjani, huzungusha dole gumba pembeni ya kitovu, hukunja magoti ya mtoto taratibu hadi tumboni. Hadai kunyoosha pingili yoyote. Akitokea wa kuvuta shingo au kumning'iniza mtoto kwa miguu, mnyang'anye mtoto hapo hapo. Video ya tabibu akimning'iniza mtoto wa wiki mbili kichwa chini ndiyo iliyozua zogo Australia. Mwaka 2019 bodi ya fani hiyo huko ikasimamisha kubinya uti wa mgongo wa walio chini ya miaka 2. Tathmini iliyofuata jimboni Victoria ilikuta madhara machache sana yaliyoripotiwa, na ushahidi haba wa faida.

Madhara ya mkono wenyewe ni nadra, basi. Kuchelewa ndiko kunakonitia hofu zaidi. Mapitio ya mwaka 2007 yalikusanya visa 20 vya watoto waliochelewa kugunduliwa ugonjwa au kupata tiba inayofaa kwa kuwa walikuwa mikononi mwa matabibu hawa. Kwa mtu wa Faza au Kiwayu, anayengoja mashua na maji kujaa, siku moja iliyopotea ni nzito. Homa kabla ya miezi 3, matapishi ya kijani, damu kinyesini, utosi uliovimba, kukataa titi: hayo ni ya hospitali, leo hii.

Kijana wa miaka 12 ni habari nyingine. Akiumwa mgongo, kuchuliwa na mjuzi baada ya kupimwa sina ugomvi nako. Lakini bega moja likiwa juu ya jingine, apigwe eksirei kwanza. Kwa kibyongo cha pembeni, yaani uti wa mgongo unaopinda upande, kinachoendelea, utafiti wa mwaka 2013 ulionyesha mkanda maalumu ukikizuia kufika kiwango cha upasuaji kwa asilimia 72 ya waliouvaa, dhidi ya 48 ya wasiouvaa. Mkanda huo hufaa mwili ukiwa bado unakua tu, na miezi inayopotea kwa kubinywa mgongo hukatwa kwenye muda huo huo.