Usinunue mashine ya vipimo kwa namba ya brosha

Ukisoma brosha ya mashine ya kupimia vipuri kwa mihimili mitatu, utaona "usahihi: mikroni 2" (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Namba hiyo ikisimama peke yake haimsaidii mnunuzi. Ni mikroni 2 kwa urefu gani, kwenye joto gani, kwa kiwango kipi?

Kiwango cha kimataifa cha kupima ubora wa mashine hizi kipo. ISO 10360-2, toleo la 2009, kinataka urefu wa aina tano uliothibitishwa upimwe katika mielekeo saba, kila mmoja mara tatu. Jumla ni vipimo 105. Mielekeo minne kati ya hiyo hupita kona hadi kona ya nafasi nzima ya kupimia, nami naiona ndiyo roho ya jaribio lenyewe: mashine inaweza kupima vizuri sana kwenye kila mhimili peke yake, kumbe mihimili haijakaa kwenye pembe mraba. Ubovu huo hufichuka kwenye ulalo.

Kosa linaloruhusiwa nalo huandikwa kwa fomula, kwa mfano mikroni 2 + L/300, L ikiwa urefu kwa milimita. Kwa kipuri cha milimita 500 hiyo inakuwa kama mikroni 3.7. Brosha imebeba ile 2 na kuacha mkia.

Halafu joto. Vipimo vya viwandani huhesabiwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi. Chuma cha pua kando, chuma cha kawaida hurefuka takriban mikroni 11.5 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja. Kwenye karakana ya Mombasa au Dar es Salaam yenye nyuzi 30, kipuri kile cha milimita 500 kimerefuka mikroni 57 na ushei. Cha alumini, karibu mara mbili ya hapo. Muuzaji atasema programu inarekebisha. Ni kweli inarekebisha, ila kwa kukadiria jinsi chuma chako kinavyotanuka. Makadirio hayo yakikosea kwa mikroni 1 tu kwa mita kwa nyuzi, umeshapoteza mikroni 5, zaidi ya kosa zima la mashine. Kwa hiyo shilingi ya kwanza ningeitia kwenye kiyoyozi na kuta, kabla ya kutafuta mashine ya daraja la juu zaidi.

Hata mashine iliyofaulu majaribio yote 105 imethibitishwa kupima urefu. Uduara wa tundu lako refu, ukiligusa kwa ncha ndefu ya kugusia inayopinda, ni jambo jingine. Hapo ISO 15530-3 inafaa zaidi: chukua kipuri kinachofanana na chako, ambacho vipimo vyake vimethibitishwa, ukipime tena na tena katika mazingira yako.

Skana za mwanga, zinazopima bila kugusa kipuri, ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi, maana nyingi hutangazwa kwa usahihi usiotaja kiwango chochote, ilhali kiwango chake, ISO 10360-13, kipo tangu 2021.

Mkataba utaje kiwango na toleo lake, fomula nzima, mipaka ya joto na ncha itakayotumika, na jaribio la kupokea mashine lifanyike kwenye sakafu yako baada ya kufungwa. Muuzaji asiyekubali kuyaandika hayo, mimi nisingemlipa hata malipo ya awali.