Mjusi wa Tendaguru: tunadai mifupa au hati?

Kila nikipeleka wageni Makumbusho ya Taifa, pale Mtaa wa Shaaban Robert, Dar es Salaam, swali huwa lilelile. Mbele ya fuvu la kale la Zinjanthropus, jamaa wa mbali wa binadamu, mtu atainamia kioo, atazame kwa makini, kisha aulize: "Hili ndilo lenyewe?" Kwa kawaida jibu ni hapana. Lenyewe, lile alilolipata Mary Leakey huko Olduvai Julai 1959, hufungiwa ndani. Sisi tunaonyeshwa nakala. Nimeona watu wazima wakinuna kana kwamba wameibiwa kiingilio.

Swali hilo hunirudia kila mjadala wa mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria ambaye mifupa yake ilichimbwa kwetu ikapelekwa Ujerumani, unapofufuka, nao hufufuka mara kwa mara, bungeni na vijiweni. Arudishwe au abaki Berlin? Watu hujibu haraka sana, pande zote mbili, kana kwamba hoja ni ya usafiri tu.

Tendaguru ni kilima cha mkoani Lindi, bara kidogo kutoka pwani. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani aliyekuwa akitafuta madini, Bernhard Sattler, alikuta mifupa mikubwa imejitokeza ardhini. Kati ya 1909 na 1913 makumbusho ya Berlin yakaendesha uchimbaji chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Tunasema "Wajerumani walichimba", lakini majembe yalishikwa na mamia ya watu wa kusini, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Mifupa ilifungwa kwa udongo na mianzi, ikabebwa kichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilivuka bahari. Na tarehe zisitupite hivihivi: Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha miaka miwili tu kabla, 1907, na njaa ilikuwa imewafyeka watu wa kusini. Mtu aliyetoka kwenye hali hiyo akikubali kubeba mfupa kwa ujira, hiari yake ipimwe kwa mizani gani?

Mwaka 1937 mifupa hiyo iliunganishwa ikawa mnyama mmoja mwenye kimo cha mita 13 na ushee, Giraffatitan, aliyeishi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Hadi leo ndiye anayewapokea wageni katika ukumbi mkuu wa Makumbusho ya Historia ya Asili, Berlin.

Wanaotaka arudi wana hoja nzito. Alichukuliwa wakati wenye nchi hawakuwa na sauti. Sheria iliyotumika ilitungwa na mchukuaji mwenyewe. Mtoto wa Lindi anayetaka kumwona mnyama wa kwao anahitaji pasipoti, viza na nauli ya ndege. Halafu kuna ile dharau ya kwamba hatuwezi kutunza. Fuvu la Zinjanthropus, ambalo ni dogo na jepesi kuvunjika kuliko paja la mjusi, limetunzwa Dar es Salaam tangu katikati ya miaka ya 1960. Na huko Ulaya kwenyewe usalama haukuwa wa kudumu: masalia ya dinosaria mwingine, Spinosaurus, yaliyochimbwa Misri yaliteketea katika makumbusho ya Munich, bomu lilipoangushwa Aprili 1944. Hata hoja ya kwamba mjusi hawezi kusafirishwa haina miguu. Mwaka 1984 alifunguliwa vipandevipande akapelekwa Japani kuonyeshwa, kisha akarudi salama.

Upande wa pili nao tusiubeze. Mkusanyiko wa Tendaguru una thamani kwa sababu mifupa ipo pamoja na michoro, shajara na zaidi ya karne moja ya utafiti. Ukiutawanya, mtafiti atahangaika. Kumsimamisha mnyama huyo kunataka ukumbi mrefu, hewa inayodhibitiwa na wataalamu wanaolipwa kila mwezi, na si mwaka wa uzinduzi peke yake. Hapo napata wasiwasi. Sisi ni hodari wa kukata utepe. Bajeti ya mwaka wa saba ndiyo hutushinda.

Hoja ya utalii hainishawishi kabisa, nayo ndiyo hupigiwa kelele zaidi. Eti mjusi akija, Lindi itafurika wageni. Mkoa huohuo una Kilwa Kisiwani, mji wa masultani waliofua sarafu zao wenyewe, uliomo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1981. Wageni wangapi wanaokwenda Serengeti na Zanzibar hufika Kilwa? Kama msikiti mkongwe namna ile haujawavuta, mifupa peke yake haitafanya muujiza. Wanaomtazama mjusi Berlin wengi wamefuata jiji. Mjusi wamemkuta humo.

Mwaka 2018 serikali yetu ilisema haitadai masalia hayo yarudishwe, itatafuta ushirikiano wa utafiti na uchimbaji. Wengi waliona ni usaliti. Mimi naona nusu ya uamuzi ule ilikuwa ya busara na nusu ilikuwa kosa. Kutokudai mifupa isafiri ni jambo linaloeleweka. Kosa ni kuacha pia swali la umiliki, kana kwamba mambo hayo mawili hayatenganishiki.

Yanatenganishika. Mwaka 2022 taasisi inayosimamia makumbusho makubwa ya Berlin ilisaini kuwapa Nigeria umiliki wa zaidi ya vitu 500 vya Benin, ufalme wa kale ulio ndani ya Nigeria ya leo. Takriban theluthi moja vilibaki kulekule Berlin, lakini sasa vimebaki kwa mkopo, na mwenye mali ni Nigeria. Makumbusho ya mjusi ni taasisi nyingine, na mfupa wa kale si kazi ya mikono ya mfalme. Najua wanasheria watalishikilia hilo. Ila njia imekwishapitwa. Mali bila daftari huisha bila habari, na katika daftari la Berlin, Tanzania imeandikwa kama mahali mifupa ilikotoka, basi.

Kuna atakayeniuliza: mbona fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lililochukuliwa na Wajerumani, lilirudi lenyewe, hatukuridhika na hati? Kweli. Lilitajwa hadi kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, likaja kurudi 1954, na leo lipo Kalenga, nje kidogo ya Iringa. Lakini Mkwawa ni mtu. Ana wajukuu, ana matambiko, na hakuna mkopo wa babu ya mtu. Mabaki ya binadamu yaliyoko Ujerumani yarudi yote, na hapo sioni pande mbili za kupima. Mjusi hana mjukuu anayemlilia. Anachodaiwa ni elimu, heshima na mapato.

Sasa turudi kwenye lile swali la kioo. Hata Berlin, kichwa kilicho juu kule kwenye shingo ya mjusi ni nakala. Fuvu halisi ni zito, limewekwa pembeni. Mwili wenyewe umeungwa kwa mifupa ya zaidi ya mnyama mmoja. Maelfu wanapita chini yake wakishangaa, wala hawaoni wamepunjwa. Nakala nzuri iliyosimama Lindi mjini, ikiwa na maelezo ya Kiswahili na habari za wapagazi wake, inaweza kumfundisha mtoto wa Mipingo, kijiji cha karibu na Tendaguru, mengi kuliko mfupa halisi uliofungiwa ghalani kwa kukosa ukumbi. Mwaka 2007 wanasayansi walimpa mnyama mwingine wa Tendaguru jina la Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti. Sijui shule ngapi za Lindi zinalitaja jina hilo.

Na Berlin bado kuna mafurushi ya mianzi kutoka Tendaguru ambayo hayajawahi kufunguliwa tangu yalipofungwa na watu wa Boheti. Mazungumzo ya umiliki yangeweza kuanza na hayo: yafunguliwe huku, kwenye maabara yetu, na vijana wetu wakiwa ndio wenye patasi mkononi.